Hakuuza, Hajaleta, Hauzi: Lugha ya Ripoti za Biashara Zitokazo Katika Hifadhidata za Kampuni

Ikisiri

Ripoti ya biashara inayotolewa na hifadhidata ya kampuni huonekana kuwa kazi ya wahasibu na wataalamu wa kompyuta. Makala haya yanadai kuwa ripoti hiyo ni matini kama matini nyingine, na kwamba makosa yake mengi makubwa ni makosa ya lugha kabla hayajawa makosa ya hesabu. Kwa kutumia mifano ya biashara inayovuka mipaka ya Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, makala yanaonesha jinsi maana ya safumlalo, ukanushi, fasili za istilahi, kalenda, tarakimu na upatanisho wa kisarufi vinavyoamua iwapo ripoti itamwongoza msomaji au itampotosha. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili hakipaswi kuletwa mwishoni kama tafsiri ya vichwa vya majedwali, bali kinapaswa kuwamo ndani ya hifadhidata tangu data zinapofasiliwa.

1.0 Utangulizi

Miaka michache iliyopita, kampuni moja ya usambazaji wa sukari, sabuni na mafuta ya kupikia, yenye matawi Kampala, Kigali, Bujumbura na Goma, iliniomba niitafsirie ripoti zake za kila mwezi. Wakurugenzi walizisoma kwa Kiingereza bila tatizo. Wasimamizi wa bohari, mawakala na viongozi wa timu za mauzo hawakuzisoma kabisa, au walizisoma wakaziogopa. Ombi lenyewe lilikuwa dogo: orodha ya vichwa vya safuwima vipatavyo themanini, virudishwe kwa Kiswahili ndani ya wiki mbili. Nilidhani ingekuwa kazi ya jioni chache.

Katika wiki hizo mbili tawi moja liliripotiwa kuwa halikuuza chochote kwa siku kadhaa mfululizo. Ripoti ilichapisha sifuri. Kwa kuwa kamisheni ya wauzaji ilikokotolewa na mfumo huohuo, wauzaji wa tawi lile walikosa kamisheni ya mwezi mzima kwa kutofikia lengo. Baadaye ilibainika kuwa mtandao ulikuwa umekatika, stakabadhi za siku zile zilikuwa zimeandikwa kwa mkono katika vitabu, na hakuna aliyekuwa ameziingiza katika mfumo. Sifuri ile haikuwa idadi. Ilikuwa ukimya uliovaa vazi la idadi.

Tukio hilo ndilo lililonifanya niache kutafsiri vichwa na kuanza kuuliza maswali ambayo mwanaisimu huyauliza mbele ya matini yoyote: nani anasema, anamwambia nani, anadai nini, na kwa ushahidi gani. Makala haya yanaeleza nilichojifunza. Simaanishi kwamba wanaisimu wachukue kazi ya wahandisi wa programu. Ninachosema ni kwamba upo upande wa kazi hiyo ambao wahandisi hawakufunzwa kuuona, nasi tumefunzwa.

2.0 Safumlalo ni sentensi

Hifadhidata nyingi za kampuni leo zimejengwa juu ya modeli iliyopendekezwa na Edgar F. Codd, mtafiti wa IBM, mwaka 1970. Codd alikuwa mwanahisabati, na msingi wa modeli yake ni mantiki ya viarifu. Katika modeli hiyo kila jedwali lina kiarifu chake, na kila safumlalo ni dai moja la kweli linaloundwa kwa kujaza nafasi za kiarifu hicho. Kwa maneno ya darasani kwetu, jedwali ni muundo wa sentensi, na safumlalo ni sentensi yenyewe. Jedwali la mauzo husema: “Mteja fulani alinunua bidhaa fulani, kwa kiasi fulani, kwa bei fulani, tarehe fulani.” Jedwali la malipo husema: “Mteja fulani alilipa kiasi fulani kwa ajili ya ankara fulani, tarehe fulani.”

Ukilishika jambo hili umeshika nusu ya uandishi wa ripoti, kwa sababu ripoti huundwa kwa kuunganisha majedwali, yaani kwa kutunga sentensi ndefu kutokana na sentensi fupi. Sentensi ndefu inaweza kuwa sahihi kisarufi na bado ikasema jambo jingine kabisa.

Tuchukue mfano. Mteja mmoja ana ankara moja ya shilingi 600,000 yenye bidhaa mbili: sukari ya shilingi 400,000 na sabuni ya shilingi 200,000. Ameilipa yote kwa awamu tatu za shilingi 200,000 kila moja. Hadaiwi hata senti. Sasa mtayarishaji wa ripoti anaunganisha jedwali la bidhaa za ankara na jedwali la malipo kwa kutumia namba ya ankara. Kila bidhaa inakutana na kila malipo, na matokeo yake ni safumlalo sita. Katika safumlalo hizo sukari inatajwa mara tatu, sabuni mara tatu, na kila awamu ya malipo mara mbili. Akijumlisha thamani ya bidhaa anapata 1,800,000. Akijumlisha malipo anapata 1,200,000. Akitoa, ripoti inatangaza kuwa mteja huyu anadaiwa shilingi 600,000.

Kompyuta haikukosea popote. Imejumlisha ilichoambiwa ijumlishe. Ubaya zaidi ni kwamba deni linalotokea lina sura ya ukweli, kwani ni sawasawa na thamani ya ankara, na karani atakayelitazama ataamini kwamba mteja hajalipa chochote. Nimeshuhudia mfanyabiashara mwenye heshima zake akipigiwa simu ya kudaiwa kwa sababu ya ripoti ya namna hii, naye akahamia kwa msambazaji mwingine bila kurudi nyuma.

Dawa yake ni ya kilugha. Kabla ya kujumlisha safuwima yoyote, mtayarishaji aseme kwa sauti, kwa Kiswahili, sentensi ambayo safumlalo moja ya matokeo yake inaitamka. Katika mfano wetu sentensi ingekuwa: “Mteja huyu alinunua sukari ya shilingi 400,000, na katika ankara hiyohiyo alilipa awamu ya kwanza.” Safumlalo inayofuata: “Mteja huyu alinunua sukari ya shilingi 400,000, na katika ankara hiyohiyo alilipa awamu ya pili.” Anayesema hivyo kwa sauti husikia papo hapo kuwa sukari ni ileile. Kinachobaki ni kujumlisha kila jedwali peke yake kwa kila ankara, kisha ndipo kuunganisha majumlisho. Nimewaona vijana wa idara ya kompyuta wakilibaini kosa hili kwa njia ya sentensi kwa haraka kuliko kwa kukagua amri za SQL, na sababu yake, nadhani, ni kwamba sikio la msemaji limezoea kutambua urudufu kuliko jicho linalosoma msimbo.

3.0 Ukimya na ukanushi

Turudi kwenye ile sifuri. Hifadhidata zina alama maalumu ya pengo, yaani mahali ambapo hapana thamani iliyoandikwa. Codd mwenyewe, katika kanuni zake kumi na mbili za mwaka 1985, alitaka pengo lishughulikiwe kwa utaratibu na litofautishwe na sifuri na pia na matini tupu. Lugha ya SQL inaiheshimu tofauti hiyo: ukiiomba wastani, hulipuuza pengo lakini huhesabu sifuri. Tawi lililouza shilingi 300,000 kwa siku katika siku nne, huku taarifa za siku mbili zikiwa hazijafika, lina wastani wa 300,000 ikiwa siku hizo mbili zimeachwa kuwa pengo. Zikijazwa sifuri, wastani unashuka hadi 200,000. Theluthi ya mauzo ya tawi hupotea kwa uamuzi wa mtu mmoja aliyechukizwa na visanduku vitupu kwenye ukurasa wake.

Tatizo ni kwamba pengo lenyewe lina maana zaidi ya moja, na mfumo hautofautishi. Hapa ndipo sarufi ya Kiswahili inapotuwekea mezani kitu ambacho waandishi wa ripoti wamekuwa wakikitafuta. Tazama jinsi msimamizi wa bohari anavyojibu akiulizwa kuhusu wakala wake:

Hakuuza. Siku ilipita, taarifa ipo, na mauzo yalikuwa sifuri.
Hajaleta. Taarifa inangojewa, hatujui aliuza kiasi gani.
Hauzi. Bidhaa hiyo si ya eneo lake, swali halimhusu.

Hali hizi ni tatu, na kila moja inadai hatua tofauti. Kwa aliyekuwa hakuuza, meneja huuliza sababu na pengine hupeleka msaada wa mauzo. Kwa ambaye hajaleta, hupigiwa simu na hesabu husubiri. Kwa asiyeuza bidhaa hiyo kabisa, hakuna hatua, na jina lake halipaswi hata kuonekana katika orodha ya waliokosa lengo. Kiambishi -ja- katika ukanushi kinabeba matarajio: jambo halijatokea na tunalingojea. Lugha nyingi hulazimika kuongeza kielezi ili kusema hivyo. Kiswahili hulisema ndani ya kitenzi, na msemaji hawezi kukanusha kitendo cha wakati uliopita bila kuchagua kati ya -ku- na -ja-.

Kwa hiyo nilipendekeza kwamba katika toleo la Kiswahili la ripoti ya mauzo ya kila siku pasiwepo kisanduku kitupu na pasiwepo sifuri isiyo na ushahidi. Penye taarifa yenye sifuri pachapishwe 0. Penye taarifa inayongojewa pachapishwe “bado”. Pasipohusika pawekwe kistari. Ili jambo hilo liwezekane, wahandisi walilazimika kuongeza jedwali dogo lisemalo ni wakala gani anauza bidhaa gani, na jingine lisemalo taarifa ya siku gani imefika. Majedwali hayo hayakuwapo. Uamuzi wa kisarufi ulidai data mpya, wala si kinyume chake.

Pia jumla yoyote iliyo na “bado” ndani yake ilichapishwa na maelezo yake pembeni: “taarifa za mawakala 3 hazijafika”. Baadhi ya mameneja hawakupendezwa. Jumla isiyo na sharti inasomeka vizuri zaidi mbele ya bodi.

4.0 Neno moja, fedha mbili

Eugen Wüster, mwasisi wa nadharia jumla ya istilahi, alisisitiza kwamba katika taaluma dhana moja iwe na istilahi moja na istilahi moja iwe na dhana moja. Tumeijadili sana kanuni hiyo katika makongamano yetu, mara nyingi tukiulizana iwapo tuseme hifadhidata au kanzidata. Nakiri kuwa mjadala huo umenichosha. Maneno yote mawili yanaeleweka, na hakuna aliyewahi kupoteza fedha kwa kuchagua moja. Fedha hupotea katika maneno ambayo kila mtu anadhani anayajua.

Neno “mauzo” ni la kwanza. Je, ni pamoja na kodi ya ongezeko la thamani au bila kodi hiyo? Kiwango cha kawaida cha kodi hiyo ni asilimia 18 nchini Uganda, Rwanda na Burundi, na asilimia 16 katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Bidhaa ya thamani ya dola 1,000 kabla ya kodi itaonekana kuwa mauzo ya dola 1,180 Kigali na dola 1,160 Goma, ikiwa kodi imejumuishwa. Meneja wa Goma ataonekana ameuza pungufu ilhali ameuza sawa. Je, ni mauzo ya siku ya oda, ya siku mzigo ulipotoka bohari, au ya siku fedha zilipoingia? Je, mizigo iliyorudishwa imeondolewa? Katika kampuni niliyoitaja, neno la Kiingereza lililotafsiriwa kuwa “mauzo” lilikuwa na maana tatu katika ripoti tatu, na kila idara iliapa kwamba yake ndiyo halali.

“Mapato” nayo hutumiwa na wengine kwa fedha zote zilizoingia na wengine kwa kilichobaki baada ya gharama, jambo linaloiingiza katika eneo la “faida”. “Mteja hai” lina utata wa aina nyingine: hai tangu lini? Katika sekta ya fedha za simu zipo ripoti zinazomhesabu mteja aliyefanya muamala ndani ya siku 30 na nyingine zinazompa siku 90, na idadi zinazotokana na vipimo hivyo viwili hazilinganishwi. (Wasomaji wa Kenya watakumbuka kwamba “mteja” mitaani kwao ni mtu asiyepatikana kwenye simu, huenda hiyo ndiyo fasili ya kweli kuliko zote.)

Pendekezo langu hapa ni la kawaida mno hata naona haya kuliandika katika makala ya kitaaluma. Kila kichwa cha safuwima kiwe na fasili ya sentensi moja, iandikwe katika jedwali ndani ya hifadhidata yenyewe pamoja na jina la ofisa aliyeiidhinisha na tarehe, na ichapishwe chini ya ripoti. Kamusi iliyofungiwa kabatini haisaidii. Fasili isafiri na namba yake.

Fasili njema huzaa pia kichwa chema. Ripoti iliyoitwa “Bidhaa Ghalani” ilikuwa na kurasa 14 na haikusomwa na msimamizi yeyote wa bohari. Tulipomuuliza mmoja wao anataka kujua nini kila asubuhi, alijibu: “Kitu gani kitaniishia kabla lori halijafika.” Ripoti mpya iliitwa “Bidhaa Zitakazokwisha Ndani ya Siku 7”. Iligawanya akiba iliyopo kwa wastani wa mauzo ya siku, ikaorodhesha tu zile ambazo jibu lake lilikuwa chini ya saba, na ikatosha ukurasa mmoja. Data zilikuwa zilezile.

5.0 Namba zinapovuka mpaka

Ripoti ya kampuni ya nchi moja inaweza kunyamaza kuhusu saa na kalenda. Ripoti ya nchi nne haiwezi. Uganda, Kenya na Tanzania zinatumia saa ya Afrika Mashariki. Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo ziko nyuma kwa saa moja. Oda iliyotumwa kwa simu kutoka Goma saa tano na nusu usiku, tarehe 31, inaingia katika kompyuta iliyoko Kampala saa sita na nusu usiku, tarehe mosi ya mwezi unaofuata. Mfumo ukiweka saa ya Kampala peke yake, oda hiyo inahama mwezi, na lengo la wakala wa Goma linakosa oda zake za mwisho kila mwezi.

Kisha ipo saa yetu ya Kiswahili. Mfumo ukichapisha 01:30, msomaji aliyekulia katika Kiswahili, na hata yule wa Kiganda au Kinyarwanda ambao huhesabu saa kwa namna hiyohiyo, anaweza kusoma saa moja na nusu, wakati mfumo umekusudia saa saba na nusu usiku. Katika ratiba za malori tulichapisha tarakimu na maneno pamoja: “07:00, saa 1 asubuhi”. Upo pia utata wa usiku wenyewe. Kwa desturi ya pwani siku huanza machweo, kwa hiyo “usiku wa Ijumaa” ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Kwa kompyuta, na kwa wengi wa bara, ni ule unaoufuata. Zamu za usiku ziandikwe kwa tarehe mbili.

Robo ya mwaka haina utata mdogo. Mwaka wa fedha wa serikali za Uganda na Rwanda huanza tarehe 1 Julai. Wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huanza Januari. “Robo ya kwanza” basi ni Januari hadi Machi kwa mmoja na Julai hadi Septemba kwa mwingine. Andika miezi.

Tarakimu nazo zina lahaja. Anayefuata desturi ya Kiingereza huandika 1,250.50, anayefuata desturi ya Kifaransa, iliyozoeleka Bujumbura na Goma, huweka mkato pale ambapo mwenzake huweka nukta. Faili lenye kilo “1.250” likifunguliwa katika kompyuta iliyopangwa kwa desturi isiyo yake, tani moja na robo ya sukari inageuka kilo moja na robo, bila onyo lolote. Vilevile “bilioni” ya Kiswahili cha Tanzania, Kenya na Uganda ni milioni elfu moja, ilhali neno hilo katika Kifaransa ni milioni milioni moja. Milioni elfu moja huitwa miliari, na Kinyarwanda kimelichukua neno hilo. Mshauri wa sera aliyesomea Kifaransa akikuta “bilioni 2” katika ripoti ya Kiswahili ana haki ya kuuliza.

Na pale ripoti inapoandika kiasi kwa maneno, kama ilivyo katika ankara na stakabadhi, Kiswahili chetu wenyewe kina mtego. “Elfu mia mbili na tano” ni 205,000 au 200,005? Katika mazungumzo kiimbo huamua. Karatasi haina kiimbo. “Laki mbili na elfu tano” huondoa utata, na “laki mbili na shilingi tano” vilevile, ingawa si kila msomaji wa Kigali au Goma amezoea laki. Programu inayogeuza tarakimu kuwa maneno haina budi kupewa kanuni moja, na kanuni hiyo haiwezi kutoka kwa mhandisi.

6.0 Upatanisho na majina

Mifumo mingi hutunga sentensi kwa violezo: idadi, kisha jina la kipimo, kisha kitenzi. Kanuni za idadi za Kiswahili katika CLDR, mkusanyo wa Unicode ambao programu nyingi huchota humo data za lugha, hutenganisha hali mbili tu, umoja na zisizo umoja. Kwa Kiswahili hiyo ni sehemu ndogo ya kazi. Mtafsiri hulazimika kuchagua kitenzi kimoja, na mara nyingi huchagua “zimeuzwa”. Ndipo tunapopata “mifuko 40 zimeuzwa”, “madumu 12 zimeuzwa” na, kwa kampuni ya kuku, “vifaranga 200 zimeuzwa”. Mwenzangu mmoja alinikumbusha kwamba ndivyo tusemavyo Kampala. Ni kweli. Lakini ripoti inayodai kamisheni ya mtu iwekwe au iondolewe inapaswa kuzungumza kwa sauti inayoheshimika, na karani aliyesoma Kiswahili shuleni huipima ripoti kwa sarufi yake kabla ya kuipima kwa hesabu zake.

Suluhisho ni kuongeza safuwima mbili katika jedwali la vipimo: umbo la wingi na upatanisho wa umoja na wingi. Mfuko, mifuko: u-, i-. Dumu, madumu: li-, ya-. Katoni, katoni: i-, zi-. Kipande, vipande: ki-, vi-. Viumbe hai hupewa a- na wa- hata jina lao likiwa na umbo la ki- na vi-. Kampuni ile ilihitaji mistari 11. Kazi ilikuwa ya asubuhi moja.

Majina ya watu na mahali yalikuwa magumu zaidi. Katika SQL matini huwekwa kati ya alama za king'ong'o, alama ileile iliyomo katika ng'. Jina Ng'ang'a likiingizwa bila tahadhari hukatwa katikati na amri hushindwa. Njia ya mkato ya wahandisi ni kuiondoa alama, na hapo jina hugeuka jina jingine, kwa kuwa ng na ng' ni fonimu mbili. Isitoshe, kibodi za simu huweka alama iliyopinda na za kompyuta huweka iliyonyooka, hivyo mteja mmoja huhesabiwa kuwa wawili. Kampala nako Lubaga na Rubaga ni mahali pamoja, kwa kuwa katika Luganda l na r hupokezana kulingana na mazingira ya sauti. Ripoti ya mauzo kwa maeneo iliyaorodhesha kama maeneo mawili, moja likiwa na mauzo hafifu mno, na lilikuwa limependekezwa kufutiwa safari ya lori.

7.0 Mahali pa Kiswahili katika mfumo

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, katika ibara ya 137, uliitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi na Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano ya kuendelezwa. Tangu hapo Rwanda imekipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia hatua kama hiyo. Hatua hizi zinahusu serikali, shule na mabunge. Maamuzi ya kila siku kuhusu ujira, deni na mzigo, hata hivyo, yanafanywa na ripoti ambazo hazikuandikwa na mtu yeyote, bali zilichotwa usiku na kutumwa alfajiri. Sera ya lugha isiyofika humo haijamfikia mfanyakazi.

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, pamoja na mabaraza ya kitaifa, ingeweza kuanza na jambo dogo: orodha ya maneno ya biashara yasiyozidi hamsini, kila moja likiwa na fasili ya sentensi moja na maelezo ya kile ambacho halijumuishi, pamoja na kanuni moja ya kuandika fedha kwa maneno. Orodha hiyo itolewe kama jedwali linaloweza kupakiwa moja kwa moja katika hifadhidata, si kama kitabu cha kupigwa picha. Vyuo vinavyofundisha tafsiri navyo viwape wanafunzi wao mafunzo ya kusoma muundo wa majedwali, angalau kiasi cha kuweza kuuliza safumlalo inasema nini.

Swali gumu ni nani ndani ya kampuni aidhinishe fasili. Idara ya fedha, ya mauzo na ya kompyuta kila moja ina maslahi yake, na mtafsiri hana cheo cha kuwaamua. Mahali nilipofanya kazi, fasili ya “mauzo” ilichukua vikao vinne, na hatimaye ikaamuliwa na mkaguzi wa nje.

Wauzaji wa tawi lile walilipwa kamisheni yao miezi miwili baadaye, stakabadhi zilipoingizwa. Neno “bado” lingali linachapishwa katika toleo la Kiswahili, na wasimamizi wa bohari hulitumia kujua nani apigiwe simu. Toleo la Kiingereza, linalosomwa na wakurugenzi, hadi nilipoliona mara ya mwisho lilikuwa likichapisha sifuri mahali pale pale.